Mbingu Iliyokamatwa Barierani

Siku mliponiaga, wadogo zangu wa biro, ile ofisi ya ramani, mlinipa saa ya ukutani na jogoo mwenye hasira, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote: "Mama Philo, ni kweli zamani ulikuwa unapaka milima na mafuta?" Mkacheka. Mimi nikala keki yangu, kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko keki. Sasa niko nyumbani, sina wa kunikimbiza, nalileta jibu lenyewe. Vyeo sitavitaja, na mshahara mnaujua. Ninaandika Kiswahili cha vitabu kwa kuwa ndivyo masista walivyonifundisha, lakini watu nitawaacha waseme vile wanavyosema Kolwezi. Nikiwanyoosha maneno hawatajitambua.

Nilianza kazi kwa kupaka rangi miamba ya kwenye karatasi. Mwanajiolojia alileta ramani yenye mistari mitupu, nami nilijaza kwa penseli za rangi: manjano kwa mchanga, kijani kwa mwamba wenye shaba, zambarau kwa kile ambacho hakuna aliyekijua lakini hakuna aliyetaka kukubali kwamba hakijui. Zambarau ilikuwa nyingi. Nilifanya hivyo mpaka kidole changu cha kati kikaota kinundu, na kinundu hicho ninacho mpaka leo.

Kisha ikaletwa mashine ya kuchapa ramani. Kwa kuwa nilikuwa mkubwa katika biro, niliambiwa niipokee kwa niaba ya wenzangu, na nikaipokea, nikapigwa picha nayo kama bibi harusi. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imemaliza kazi yangu ya mwezi, na haikuomba hata ruhusa ya kwenda msibani. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu ajiandae, nitahamishiwa jikoni kupikia wafanyakazi bukari, ugali wetu.

Badala yake aliniita Direkta. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa Kinshasa, mpole, mwenye suruali zilizopigwa pasi hata akiwa katikati ya vumbi. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni wa kampuni na kuwafanya waondoke wakiwa na furaha.

"Mama Philo," akasema, "wewe unajua rangi."

"Ndiyo, Direkta."

"Basi utatuchorea mandhari. Mandhari ya kweli, kwa rangi za mafuta, ukiwa umesimama nje. Kilima cha Kankolwe chote. Tutakitundika kwenye ukumbi wa wageni kule mjini."

Nilimwuliza kwa nini wasipige picha tu. Akasema picha kila mtu anazo kwenye simu, lakini mandhari ya mafuta huonyesha heshima. Nikauliza heshima kwa nani. Akasema kwa kilima, kwa sababu kilima kinakaribia kuchimbwa.

"Kitaanza kuchimbwa lini, Direkta?"

"Jumatatu."

Siku ile ilikuwa Ijumaa.

Niwaambie Kankolwe kilikuwaje, maana wengi wenu mmelikuta shimo. Kilikuwa kilima chenye upara. Mnajua vilima vyetu vya shaba: miti haipendi udongo ule, hivyo msitu unapanda mpaka kiunoni kisha unaacha, na juu yanabaki majani mafupi na yale maua madogo ya buluu yanayopenda shaba. Chini yake palikuwa na mto, nyumba za matofali na mashamba ya muhogo. Asubuhi jua lilipotoka, upara ule uling'aa kama kichwa cha mtu aliyetoka kinyozi.

Siku ya kwanza nilikwama kwa watu wa usalama. Ndani ya mgodi haingii mtu bila mavazi ya kazi yake, na kazi yangu haikuwa na mavazi. Ofisa alitafuta kazi inayofanana nayo akaona ya karibu ni kuchomelea vyuma nje. Nikapewa buti za chuma, kofia ngumu, glavu za ngozi zinazofika kwenye viwiko, na miwani ya kijani kibichi ya mchomeleaji. Nikamwambia kwamba sioni. Akasema ndiyo kazi yake ile miwani, kumzuia mtu asione sana.

Basi nikasimama mbele ya Kankolwe, nimeshika brashi kwa glavu kama mtu anayeshika kiberiti kwa mguu, nikapaka. Kwa miwani ile, nyekundu na nyeusi ni ndugu mapacha. Udongo wetu mwekundu niliupaka mweusi tii, na mbingu sijui niliifanya nini, ilitoka rangi ya nyama. Nilimpelekea Direkta nikiwa bado nimevaa miwani, kwa hiyo niliona kazi nzuri. Aliitazama sana.

"Mama Philo," akasema kwa upole wake, "hapa ni Goma, kwenye mawe meusi ya volkano?"

Ndipo akaagiza atafutwe mtu wa kunifundisha, na akaletwa mzee mmoja, Tata Sylvestre.

Tata Sylvestre alikuwa mtu wa Kasaji. Alijifunza rangi za mafuta utotoni kwa padri mmoja wa misheni, akapaka Njia ya Msalaba katika makanisa ya njia nzima ya reli, na makanisa yalipojaa akaja Kolwezi kupaka mabango ya baa na maduka ya dawa. Ukiangalia vizuri, wauguzi wote wa mabango yake walikuwa na uso wa Veronika, yule aliyempangusa Yesu. Kampuni haikuwa na nafasi ya mwalimu wa mandhari, kwa hiyo aliajiriwa kama mpaka rangi wa mabomba. Alivaa kofia ya majani juu ya kofia ngumu na hakuna aliyeweza kumvua. Miwani yangu aliichukua siku ya kwanza tu akaitupa nyuma ya gari.

"Mama," akaniambia, "kuanza leo hautapaka mulima. Utapaka kibuli cha mulima. Mulima itakuya yenyewe."

Kibuli ndicho kivuli. Alinifundisha kukunja macho mpaka majani yote yapotee na vibaki vipande vikubwa vya giza na mwanga. Alinifundisha kuanza kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa na terebentini, kisha kuongeza mafuta kadiri unavyopanda, kwa sababu ukiweka tabaka lenye mafuta chini na kavu juu, picha itapasuka kama kisigino cha kiangazi. Alinifundisha kwamba nyeusi ya kwenye tyubu ni rangi ya wavivu. Brashi tuliziosha kwa sabuni ya kufulia, kwenye kiganja, mpaka povu litoke jeupe. Na kila siku, kabla ya kufungua sanduku lake la rangi, aliniuliza: "Ni saa gani unachagua?" Nje mwanga hauna subira. Unachagua saa moja, unaikamata, na vivuli vikishahama hata viwe vizuri namna gani huvifuati. Kesho unarudi saa ile ile.

Vumbi lilikuwa adui yetu wa kila siku. Malori yakipita, rangi mbichi inakunywa vumbi lote. Mwanzoni nilitoa chembe moja moja kwa ncha ya sindano. Tata Sylvestre akanizuia. "Acha," akasema. "Haina bulongo ya mulima? Basi iko fasi yake." Yaani vumbi ni udongo wa kilima, na pale ndipo mahali pake.

Rangi na mafuta ya kitani vililetwa na Mama Zaituni, mfanyabiashara ambaye mumewe ana malori ya njia ya Kasumbalesa. Siku moja lori lilikwama njiani, na ofisi ya manunuzi ikaamua kutusaidia. Waliona tumeandika mafuta. Wakatuletea dumu la mafuta ya mawese. Tukawaeleza kwamba mawese hayakauki. Wakasema mafuta ni mafuta, na dumu limeshasainiwa. Direkta alikuwa na haraka, akatuomba tujaribu.

Tulijaribu. Picha ilikuwa nzuri ajabu, nyekundu, inang'aa, na ilinukia kama Jumapili. Haikukauka wiki ile wala iliyofuata. Kisha siafu wakaipata. Tuliwakuta asubuhi wamejipanga, wanakula mto wote wa chini, kila mmoja amebeba kijipande cha buluu, wanaelekea kwenye mti. Tata Sylvestre alisimama amefunga mikono nyuma, akawatazama.

"Miaka yote minapaka mito," akasema, "hii njo ya kwanza minaona inatembea."

Lakini shida kubwa ilikuwa kilima chenyewe. Jumatatu ile walianza kweli. Sisi tulipaka upande huu, mashine zikala upande ule, na walikuwa na kasi kuliko sisi. Kila tuliporudi saa yetu ile ile, mwanga ulikuwa sawa, vivuli vilikuwa sawa, kilima kilikuwa kifupi.

Alikuja Ilunga, mpimaji, kijana mwenye adabu sana. Alikuwa amepita mjini akaona kazi yetu ikikauka kwa Direkta.

"Mama, samahani," akasema. "Mulima yenu iko na kichwa."

"Kweli."

"Bon. Kule kichwa banakwisha kuikata. Kwa vipimo vyetu hii mulima inapita ile ya kweli. Kitu cha kampuni hakiwezi kuwa na vipimo bya uongo."

Nilidhani anatania. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, kama daktari. Direkta naye akasema hawezi kuonyesha wageni mandhari inayopingana na watu wa vipimo. Basi picha ikarudishwa kilimani, nikachukua kisu cha rangi nikakwangua upara wa Kankolwe, nikapaka mbingu mahali pake. Baada ya siku chache Ilunga akarudi, kofia mkononi. Nikakwangua tena. Ikawa ndiyo kazi yangu: mashine zinakwangua kule kwa meno ya chuma, mimi nakwangua hapa kwa kisu kidogo, na Ilunga anakwenda huku na huku kuhakikisha hatuachani. Waliokuwa wakiishi chini ya kilima walikuwa wameshahamishiwa ng'ambo ya barabara. Wakipita na mihogo yao walisimama nyuma yangu, wakatazama ninavyokwangua, wakaondoka bila kuaga.

Hilo la kutoaga lilinichoma. Kwetu mtu akipita pasipo kukuaga amekuhesabu pamoja na wale waliomkosea.

Nilimwambia Tata Sylvestre kwamba nitaomba kwenda jikoni. Kesho yake alichukua shevale, ile miguu mitatu ya kusimamishia picha, akaigeuza. Akatandika kitambaa kipya, akasimama akiupa mgongo mgodi, uso kwenye mashamba ya muhogo, akaanza kuchora Kankolwe.

Ilunga alipofika alizunguka mara kadhaa kutafuta pa kusimama. "Tata, mulima iko nyuma yako."

"Minajua."

"Sasa unaangalia nini?"

"Minaangalia vile ilikuwa. Nikigeuka itanidanganya."

Ilunga alifikiri. Kisha akasema kitu ambacho ninampendea mpaka leo: vipimo vyake vinahusu kilima kilichoko mbele ya mchoraji, na mbele ya mchoraji huyu kuna muhogo tu, kwa hiyo yeye hana la kupima. Akavaa kofia akaenda zake.

Ndivyo nilivyojifunza mandhari, wadogo zangu, nikiwa nimeipa mgongo. Tulipaka pamoja, yeye upande wa kivuli, mimi upande wa jua. Tulipokwama tuliwauliza wapita njia, na wale wasioaga sasa walisimama, wakatua mizigo, wakabishana.

"Hapana, hapo ilikuwa mwinuko!"

"Mwinuko ya wapi? Mi nilianguka pale, minajua."

"Yule ngurube yenu njo alianguka, hapana weye!"

Tulichukua maneno yao tukayatia rangi. Mbingu niliifanya mimi, peke yangu. Niliifanya kubwa, ya asubuhi ya baada ya mvua ya kwanza, wakati vumbi limelala. Nilitumia tyubu nzima za buluu ya kobalti za Mama Zaituni, zile ghali nilizokuwa nazificha. Tulipomaliza Tata Sylvestre alirudi nyuma, akakunja macho, akakaa hivyo. "Hii mbingu," akasema, "tunaweza kupumua ndani." Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo wala baadaye.

Direkta naye aliipenda, hakuuliza ya vipimo, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanafika wiki hiyo hiyo. Kilichobaki ni kuipeleka mjini.

Kutoka mgodini kuna bariera, kizuizi cha ukaguzi, na kwenye bariera kulikuwa na Shefu Ngoy, mkuu wa walinzi. Mnamjua, ni huyu huyu. Mprotestanti, mwimba besi kwenye kwaya, mtu asiyepokea hata muhogo wa kuchoma wa mtu ili asije akadaiwa wema. Siku zile alikuwa amepewa kimashine kipya chenye umbo la bastola. Ukikielekeza kwenye jiwe kinasoma madini yaliyomo, na kikikuta ya kampuni kinalia. Alikielekeza kila mahali: ndoo, buti, magurudumu, mara moja mbuzi.

Tukashusha picha. Rangi ilikuwa bado mbichi, tumeishika kwa kingo kama mtoto mchanga.

"Tata Sylvestre, hii nini?"

"Mulima."

"Mulima ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na inatoka na ruhusa ya nani?"

Direkta, aliyekuwa nasi garini, akasema ni ruhusa yake. Shefu Ngoy akapiga saluti, akaelekeza kimashine kwenye kilima. Kikanyamaza. Akakielekeza kwenye majani. Kikanyamaza. Akakiinua kwenye mbingu, na kikalia kama king'ora cha gari la wagonjwa.

"Kobalti," akasoma. Akasogea kushoto. "Kobalti." Akapanda juu. "Kobalti! Mama Philo, hii mbingu yote iko paka kobalti, kobalti tu!"

"Ni rangi, Shefu. Inaitwa hivyo hivyo, buluu ya kobalti."

"Voilà. Na weye ulikuwa unajua."

Tata Sylvestre akatoa tyubu tupu mfukoni ili kunitetea. Shefu Ngoy akaisoma kwa sauti, kwa Kifaransa, taratibu, kama anayesoma Injili: "Bleu... de... cobalt." Akatutazama kwa huzuni. Hakuwahi kukutana na wezi walioandika jina la mali kwenye mfuko.

"Ilitoka Bulaya," Tata Sylvestre akasema. "Labda ilichimbwa hapa hapa, ikaenda kule, banaivalisha nguo, ikarudia."

"Kama ilitoka hapa," Shefu Ngoy akajibu, "basi inakwisha kurudia ku kwabo. Haitoke tena."

Na kwa kuwa madini yanayokamatwa hushikiliwa pamoja na aliyeyabeba mpaka ijulikane yametoka shimo gani, Tata Sylvestre, aliyekutwa na tyubu mfukoni, akakamatwa pamoja na mbingu. Waliwekwa wote kwenye kibanda cha walinzi. Picha ikaegemezwa ukutani, yeye akapewa benchi mbele yake. Shefu Ngoy alitaka kuifunika kwa plastiki, kama sheria isemavyo. Tata Sylvestre alisimama katikati, mikono imefunguka.

"Iko mubichi! Ukifunika utanifunika na miye!"

Shefu alisitasita, akaikunja plastiki akaiweka chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoacha kutekeleza sheria.

Nilikimbilia maabara. Injinia Mwansa, msichana mwenye akili na kicheko cha haraka, alikuja, akapima, akaeleza wazi kwamba ni rangi ya dukani. Akaongeza, kwa mzaha, kwamba kwa ubora ni mbingu tajiri kuliko shimo lolote la kampuni. Mzaha huo ulisikika. Jioni hiyo wakaja wanajiolojia wawili kuniuliza nilikuwa nimesimama wapi hasa nilipoipata, na kesho yake nikakuta wamepigilia kigingi katikati ya muhogo.

"Minakubali," Shefu Ngoy alimwambia Injinia Mwansa. "Kabisa. Ni rangi. Mais kobalti haipite bila jina ya shimo yake. Taja shimo, inapita sasa hivi."

Hakukuwa na shimo. Injinia alikubaliana na Shefu, Shefu alikubaliana na Injinia, Direkta alikubaliana na wote wawili, na hakuna kilichosogea. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wanaokubaliana.

Wageni walikuwa njiani kutoka Lubumbashi. Asubuhi ya siku ile Direkta aliniita kibandani. Kwa mara ya kwanza suruali yake ilikuwa imekunjamana. Mkononi alikuwa na kisu changu cha rangi.

"Kwangua mbingu, Mama Philo," akasema. "Kilima hakilii. Kitapita. Utaweka kijivu juu, hakuna atakayejua, na Tata Sylvestre ataenda nyumbani."

Nilichukua kisu. Nisiwadanganye, nilikiweka juu ya picha, pale pembeni kwenye kona. Nikamtazama Tata Sylvestre kwenye benchi lake. Alikuwa amechoka, ndevu zimeota, na hakunipa ishara yoyote, wala ya ndiyo wala ya hapana. Mkono ukakataa. Kankolwe nilikuwa nimekikwangua mpaka kikaisha, nikiambiwa kila mara ni kidogo tu.

"Hapana, Direkta. Nimekwangua vya kutosha."

"Unajua nitakachofanya?"

"Jikoni," nikasema. "Ninajua kupika."

Alitoka nje, akasimama juani bila kofia. Tata Sylvestre akakohoa. "Direkta," akaita kupitia dirishani, "kama mulima hawezi kwenda ku bageni, si bageni bakuye ku mulima?"

Na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa wageni alikuwa mama mmoja mzee, mnene, mwenye fimbo. Aliingia kibandani akiinama, macho yakazoea giza, akaiona. Aliitazama mpaka Direkta akaanza kujifuta jasho.

"Kilima hiki kiko wapi?" akauliza.

Direkta alifungua mdomo, lakini Shefu Ngoy ndiye aliyekuwa zamu. Akapiga saluti. "Iko hapa, Mama. Inakamatwa."

"Kilima kimekamatwa?"

"Ndiyo, Mama. Juu ya kobalti."

"Na huyu tata?"

"Anakamatwa naye."

"Mtawaachia lini?"

"Siku itataja shimo yake."

Yule mama akaomba kiti. Alikaa, mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nilipoona meno yake. Alicheka hadi fimbo ikaanguka. Alipotulia akafuta macho, akamwambia Direkta kwamba ametembezwa migodi mingi maishani mwake, na hapa ndipo mahali pa kwanza alipoambiwa kilima kimepelekwa wapi. Picha isihamishwe. Na huyo mzee aruhusiwe kwenda kulala kwake.

Tata Sylvestre alirudi Kasaji kwa treni baada ya siku chache. Alisema amepata kanisa jipya linalotaka watakatifu, na kwamba watakatifu hawapungui kimo. Mimi nilibakishwa kazini kuitunza picha: kuifuta vumbi, kuipaka vanishi ilipokauka, na katikati kuchora mandhari nyingine, Nzilo na ziwa lake, mabwawa ya mabaki ya madini kule Kingamyambo wakati wa machweo, vitu ambavyo vilikaa kimya vikichorwa. Nyingine mmeziona ukumbini, na chini yake imeandikwa jina langu vibaya.

Ile ya Kankolwe ikabaki kibandani kama madini. Watu wa ng'ambo ya barabara walianza kuja. Mwanzoni walisingizia kuuliza saa. Baadaye walisema wazi kwamba wanakuja kuangalia mulima yabo. Shefu Ngoy aliwapanga mstari. "Musiguse, ni minerai," aliwaambia, kisha kwa sauti yake ya besi akawaonyesha kila kitu kama aliyezaliwa pale, na alipokosea walimsahihisha, na kesho yake alisema sawasawa.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja Mama Ngalula. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa chini ya kilima, na tangu wahamishwe miguu ilimuuma, hakuwahi kufika. Dada yake alimshika mkono. Alisogea karibu, akatazama, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mulima njo huu," akasema. "Mais njia iko wapi?"

"Njia gani, Mama?"

"Ya kupandia. Si ilikuwa inatokea ku nyumba yangu? Tulikuwa tunapita pale na mama yangu kuchuma buyoga. Mulifanya mulima bila njia, bantu batapanda na wapi?"

Nilimtazama Shefu Ngoy, kwa sababu kitu kilichokamatwa hakibadilishwi. Shefu alisema kwamba amesikia lori, akatoka nje. Hakukuwa na lori.

Nikafungua sanduku. Nikachanganya udongo wa manjano na nyeupe kidogo, na tone la nyekundu, rangi ya ardhi iliyokanyagwa sana. Nikaanza chini, kwenye mlango wake.

"Polepole," akasema. "Hapo iko matope. Zunguka."

Nikazunguka.

"Sasa ile jiwe kubwa, pita kushoto. Hapana, kushoto ya mutu anapanda. Voilà. Pale tulikuwa tunapumzika. Sasa juu, juu tu, majani ni mafupi, hautapotea."

Brashi ilipofika kwenye upara, mahali pa maua, aliniachilia mkono. Sikuwa nimejua alikuwa ameushika.

"Bon," akasema. "Tunafika."

Akaketi kwenye benchi, akavua kandambili zake, akaziweka kando moja moja, akaanza kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyepanda. Dada yake akaketi upande huu, mimi nikaketi upande ule, na hatukuwa na haraka ya kushuka.